Hospitali imekiri kosa, mbona kesi yangu bado ni ngumu?

*Swali la msomaji:* "Shikamoo wakili. Mimi ni Mtanzania, naishi Leicester, kazi yangu ni ya ghalani. Mwaka jana niliteleza kwenye ngazi nyumbani nikaangukia mkono wa kulia. Hospitali walinipiga eksirei, wakasema hakuna mfupa uliovunjika, ni mshtuko wa kifundo tu. Nikapewa dawa za maumivu, nikarudi kazini. Wiki saba zikapita maumivu yamegoma kuisha, nikapigwa picha nyingine, ndipo ikaonekana kuna mfupa mdogo wa kifundo cha mkono umevunjika na haujaunga. Nimepasuliwa, nimewekewa skrubu, lakini mkono haukunji vizuri na boksi zito silishiki tena. Hospitali wameniandikia barua ya kuomba radhi; wanasema walipaswa kunifunga hogo siku ile ile na kuniita tena baada ya wiki mbili. Nilidhani kesi imekwisha hapo. Wakili niliyemwona anasema 'si rahisi'. Kama wamekiri wenyewe, ugumu unatoka wapi? Na je, mke wangu aliyeacha zamu zake kunihudumia anaweza kudai chochote?"

Marahaba ndugu yangu, na pole kwa mkono.

Wakili wako hajakudanganya, wala usimwone mwoga. Barua uliyonayo ni nzuri, itunze. Lakini inajibu swali moja tu kati ya yale ambayo mahakama ya Uingereza itauliza, na silo litakaloamua kesi yako. Kesi yako itaamuliwa na swali ambalo barua hiyo hailigusi kabisa: je, wangekufunga hogo, yaani plasta, siku ile, mfupa ungeunga?

Nianze mbali kidogo ili uone swali hilo linatokea wapi.

Katika sheria ya Uingereza, kudai fidia kwa uzembe si sawa na kuthibitisha kwamba mtu alikosea. Mdai anatakiwa aonyeshe kwamba mdaiwa alikuwa na wajibu wa kumchukulia tahadhari. Kwamba aliukiuka wajibu huo. Kwamba kuukiuka huko ndiko kulikomletea madhara. Na kwamba madhara yenyewe ni ya aina inayofidiwa, hayako mbali mno na kosa. Vyote hivyo ni mzigo wako wewe unayedai. Kimoja kikipungua, kesi nzima inaanguka, hata kama vingine vimesimama imara. Kipimo cha ushahidi si kile cha kesi za jinai cha kuondoa shaka. Ni mizania ya uwezekano: jaji akiona jambo lina uwezekano zaidi ya nusu kuwa ndivyo lilivyokuwa, basi kwake limethibitika.

Habari ya wajibu haitakusumbua. Mwanafunzi yeyote wa sheria aliyesoma Dar, Nairobi au Kampala atakusimulia kesi ya konokono: Bi Donoghue, mwaka 1928, katika mkahawa wa mji wa Paisley, Scotland, alinunuliwa na rafiki yake chupa ya soda ya tangawizi. Alidai kwamba alipomiminiwa iliyobaki alitoka konokono aliyeoza. Soda hakuinunua yeye, kwa hiyo hakuwa na mkataba na mtu yeyote. Mwaka 1932 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa wakati huo, liliamua kwa sauti tatu dhidi ya mbili kwamba mtengenezaji ana wajibu kwa mnywaji wa mwisho hata kama hawajaonana. Lodi Atkin akaliweka kwa lugha ya jirani: chukua tahadhari usimdhuru yule ambaye, ukifikiri sawasawa, unaona kitendo chako kitamgusa. Tena ajabu ni kwamba suala la kama konokono huyo alikuwemo kweli halikuwahi kuthibitishwa mahakamani. Malodi waliamua sheria tu, na shauri likamalizwa kwa makubaliano.

Siku hizi mahakama hazianzi upya kila mara kujiuliza kama wajibu upo. Mwaka 2018, katika kesi ya Robinson, bibi wa miaka 76 aliyeangukiwa na polisi waliokuwa wakimkamata muuza dawa za kulevya barabarani Huddersfield, Mahakama ya Juu ilisema wazi kwamba pale ambapo wajibu umekwisha kutambuliwa na kesi za nyuma, jaji afuate tu njia hiyo. Hospitali kwa mgonjwa iliyempokea ni njia iliyokanyagwa siku nyingi. Mwaka huo huo, katika kesi ya Darnley, mahakama ile ile ilisema wajibu huo unamhusu hata mpokezi wa idara ya dharura. Kijana aliyepigwa kichwani alifika hospitali moja ya Croydon, akaambiwa atasubiri kwa muda wa saa 4 hadi 5, wakati ukweli ni kwamba muuguzi angemwangalia ndani ya nusu saa. Aliondoka baada ya dakika 19, akazidiwa nyumbani, ubongo ukaharibika. Alishinda. Kwa hiyo wewe uliyeandikishwa, ukapimwa na kupigwa picha, hakuna wakili wa hospitali atakayepoteza muda kubisha kwamba walikuwa na wajibu kwako. Na mdaiwa wako si yule aliyekuangalia usiku ule, ni taasisi ya NHS (huduma ya afya ya umma ya Uingereza) inayoendesha hospitali, kwa sababu mwajiri anabeba uzembe wa mfanyakazi wake kazini. Atakayejibu barua za wakili wako kwa niaba yao ni NHS Resolution, chombo kinachoshughulikia madai dhidi ya hospitali za umma.

Sasa kukiuka wajibu. Hapa ndipo barua yako inaposaidia, ila tuelewane inasaidia kiasi gani.

Kwa mtu wa kawaida kipimo ni cha mtu mwenye busara ya kawaida. Dereva mwanafunzi anapimwa kwa kipimo cha dereva mwenye uwezo, ndivyo ilivyoamuliwa katika kesi ya Nettleship mwaka 1971; ugeni si utetezi. Daktari mchanga vile vile anapimwa kwa kazi aliyokaa nayo, hapimwi kwa muda aliokaa nayo. Ila kwa wataalamu kuna nyongeza inayotokana na kesi ya Bolam ya mwaka 1957: daktari hahesabiwi mzembe ikiwa alifanya kile ambacho kundi la madaktari wenye weledi wa fani hiyo wangekikubali kuwa sawa, hata kama kundi jingine lisingefanya hivyo. Mwaka 1997, katika kesi ya Bolitho, Baraza la Malodi liliongeza kwamba maoni ya kundi hilo lazima yahimili hoja. Jaji hafungwi na madaktari watatu waliovaa suti wakasema "sisi nasi tungefanya hivyo hivyo" bila kueleza kwa nini.

Weka jambo hili moyoni: eksirei ya kwanza kutoonyesha ufa si lazima iwe uzembe wa mtu. Mfupa unaouzungumzia, ule wenye umbo la mtumbwi ulio upande wa kidole gumba, unajulikana kwa kujificha. Ufa wake mara nyingi hauonekani siku ya kwanza. Ndiyo maana wahudumu wa dharura hufundishwa wasiiamini picha peke yake. Nyoosha kidole gumba chako kama unayeomba lifti. Utaona kishimo kinatokea kati ya mishipa miwili chini ya kidole. Aliyekupima alitakiwa abonyeze pale. Kukiwa na maumivu pale baada ya mtu kuangukia kiganja, utaratibu unaokubalika ni kumtibu kama aliyevunjika: afungwe, kisha aitwe tena baada ya siku 10 hadi 14 apimwe upya, au apelekwe kwenye kipimo cha kina zaidi.

Kwa hiyo kabla ya jambo jingine lolote, ombeni rekodi zote za siku ile. Ni haki yako, ni bure, na hospitali ina mwezi mmoja wa kukupa. Usome kwa macho yako mstari unaoeleza uchunguzi wa mkono. Kama imeandikwa kishimo kilikuwa kinauma na bado ukarudishwa nyumbani, upande huu wa kesi umekaa vizuri. Kama imeandikwa hakikuuma, litakuwa jambo la kubishaniwa: ama kweli hakikuuma siku ile, ama hakikubonyezwa. Kama hakuna kilichoandikwa kabisa, hilo nalo linasema kitu. Tafuta pia ripoti ya mtaalamu wa picha. Aliyekuangalia usiku anaisoma picha haraka haraka. Ripoti rasmi inaweza kuandikwa baadaye na mtu mwingine. Ikionekana ripoti ilitaja wasiwasi wa ufa, na hakuna aliyeinua simu kukuita, hiyo ni hoja nyingine tofauti kabisa na ya mhudumu wa usiku.

Halafu barua yenyewe. Uingereza ina Sheria ya Fidia ya mwaka 2006, ambayo kifungu chake cha 2 kinasema kuomba radhi peke yake si kukiri uzembe. Na tangu 2014 hospitali za NHS zinabanwa na kanuni kumweleza mgonjwa ukweli pale anapopata madhara makubwa kutokana na huduma. Kwa hiyo "tunasikitika" katika barua za hospitali ni wajibu wa kikanuni kama ilivyo adabu, wala usiisome kama hukumu. Lakini yako imesema zaidi ya kusikitika: imetaja walichopaswa kufanya. Huo ni ushahidi mzuri, na mtaalamu wa tiba ya dharura atakayeandika ripoti kwa upande wako ataunukuu. Mimi ningekuwa wakili wako nisingehangaika sana na kipengele hiki.

Ningehangaika na kinachofuata.

Usiku wa kuamkia 1 Januari 1966, walinzi watatu wa chuo kimoja jijini London walikunywa chai, na punde wakaanza kutapika. Asubuhi wakaenda hospitali ya jirani. Muuguzi akampigia simu daktari wa zamu, ambaye naye alikuwa hajisikii vizuri. Daktari akasema waende nyumbani wakawaone madaktari wao. Hakutoka kuwaangalia. Mmoja wao, Barnett, alifariki mchana wa siku hiyo hiyo. Ikabainika chai ilikuwa na sumu ya aseniki. Mjane akashtaki.

Jaji Nield alikubali kwamba hospitali ilikuwa na wajibu, kwa sababu wale watu walikuwa wamefika mlangoni na kueleza shida yao. Akakubali kwamba daktari aliukiuka wajibu, alitakiwa awaone. Kisha akaitupa kesi. Ushahidi ulionyesha kwamba hata kama Barnett angelazwa, hadi apimwe, sumu igundulike na dawa yake ipatikane, muda wa kumwokoa ungekuwa umekwisha. Angekufa tu. Uzembe ulikuwepo, kifo kilikuwepo, lakini cha kwanza hakikuleta cha pili.

Wateja wengi hukasirika wakisikia kesi hii, na siwalaumu. Lakini sheria ya madai haipo kumwadhibu daktari. Kwa kumwadhibu kuna baraza la madaktari na, kwa uzembe uliokithiri, mahakama ya jinai. Sheria ya madai inauliza mdai amepotezewa nini na kosa hili. Kama jibu ni kwamba angepoteza hicho hicho bila kosa, hakuna cha kulipa. Jaribio lenyewe ni rahisi kulitamka: liondoe kosa, kisha uangalie kama madhara bado yapo.

Ugumu ni pale ambapo hakuna anayejua kwa hakika. Na hapo kesi iliyo karibu zaidi na yako ni ya Hotson. Mwaka 1977 mvulana wa miaka 13 alianguka kutoka juu ya mti akaumia nyonga. Hospitali haikuona jeraha, akarudishwa nyumbani. Siku tano baadaye ndipo likaonekana. Damu ilishindwa kufika kwenye kichwa cha mfupa, mfupa ukafa, akabaki na ulemavu. Hospitali ilikiri kosa lake, kama yako. Wataalamu wakasema hata angetibiwa siku ile ile, kulikuwa na uwezekano wa asilimia 75 kwamba mfupa ungekufa vile vile kwa sababu ya anguko lenyewe. Jaji wa kwanza akaona hiyo asilimia 25 iliyopotea ina thamani. Akachukua fidia kamili ya pauni 46,000, akampa robo yake, pauni 11,500. Mwaka 1987 Baraza la Malodi likazifuta zote. Hoja yao: kwenye mizania ya uwezekano, asilimia 75 inamaanisha kwamba anguko ndilo lililoleta ulemavu, na mahakama ikishaona hivyo imemaliza. Kilichobaki kwake ni pauni 150 za maumivu ya siku tano za ziada.

Mwaka 2005, katika kesi ya Gregg, Baraza hilo hilo lilikataa tena kulipa nafasi ya kupona iliyopotea, safari hii kwa mgonjwa wa saratani aliyecheleweshewa uchunguzi miezi tisa, ambaye matarajio yake yalikuwa yameshuka kutoka asilimia 42 hadi 25. Alishindwa kwa sauti tatu dhidi ya mbili. Binafsi naona wale wawili walikuwa na hoja nzito, kwani mtu aliyenyang'anywa karibu nusu ya matumaini yake hawezi kuambiwa hakupoteza kitu. Lakini sheria ndiyo hiyo, na ndiyo atakayokutana nayo wakili wako.

Geuza upande wa pili wa kanuni hiyo, maana una makali mawili. Hotson angeonyesha kwamba nafasi yake ya kupona ilikuwa asilimia 51, angelipwa pauni 46,000 zote, si asilimia 51 yake. Ndiyo au hapana; hakuna katikati. Hapo ndipo matumaini yako yalipo.

Mfupa wako una tabia moja mbaya: damu yake huingilia upande mmoja, ule wa kuelekea kwenye vidole, kisha inarudi nyuma kuelekea upande wa kigasha. Ufa ukipita kiunoni mwa mfupa, kwenye sehemu yake ya katikati, kipande cha nyuma kinabaki na damu kidogo lakini mara nyingi kinaunga kama kimetulizwa ndani ya plasta mapema. Ufa ukiwa nyuma kabisa, karibu na kigasha, kile kipande kidogo kinaweza kukosa damu tangu dakika ulipoanguka, na hapo hogo la siku ya kwanza lingekuwa halina uhakika wa kuokoa kitu. Madaktari wa mifupa wanakubali pia kwamba ukichelewa kutulizwa kwa zaidi ya wiki nne hivi, hatari ya mfupa kutounga inapanda sana, na wewe ulikwenda wiki saba ukibeba maboksi.

Basi swali la kumuuliza wakili wako Jumatatu ni hili: ufa ulipita wapi? Kwenye kiuno cha mfupa, au nyuma? Jibu limo kwenye picha ya pili na kwenye maelezo ya daktari aliyekupasua. Kama ni kiunoni na vipande havikuwa vimeachana, naona daktari bingwa wa upasuaji wa mikono anaweza kusema bila kujilazimisha kwamba ungefungwa siku ile, kwa uwezekano zaidi ya nusu, ungepona bila kisu. Kama ni nyuma, utetezi utaiweka Hotson mezani, na kwa haki kabisa. Milimita chache za mfupa ndizo zitakazoamua.

Wataangalia na mengine. Kama unavuta sigara, watasema sigara inazuia mifupa kuunga, na ni kweli. Mweleze wakili wako leo, asije akaisikia kwa upande wa pili. Kama ulipewa tarehe ya kurudi ukaikosa, au uliambiwa upumzishe mkono ukaendelea na kazi, hapo itaingia Sheria ya mwaka 1945 ya uzembe wa mdai mwenyewe, inayomruhusu jaji kupunguza fidia kwa kiasi cha mchango wako. Mfano unaotajwa sana ni abiria asiyefunga mkanda, ambaye tangu mwaka 1975 hukatwa robo kama mkanda ungemwepusha kabisa na jeraha. Lakini kwa ulivyoeleza, uliambiwa hujavunjika. Mtu aliyeambiwa na hospitali kwamba ni mshtuko tu halaumiwi kwa kurudi kazini.

Kuhusu madhara kuwa mbali mno sitakuchosha. Tangu 1961, Baraza la Faragha, mahakama ya London iliyosikiliza rufaa kutoka Australia wakati huo, lilipoamua kesi ya mafuta yaliyoshika moto bandarini Sydney, kanuni ni kwamba mdaiwa anawajibika kwa aina ya madhara ambayo mtu makini angeweza kuyaona yakija. Mfupa usiounga baada ya kutofungwa ni aina hiyo hasa. Na mtu akikuta mwathirika ana udhaifu wake wa mwili, anamchukua alivyo: mwaka huo huo wa 1961 mwajiri wa mfanyakazi aliyeungua mdomo kwa chuma cha moto alilipishwa kwa saratani iliyofuata na kumuua, ingawa kuungua kwenyewe kulikuwa kudogo.

Linalowapita wengi ni fidia yenyewe inavyohesabiwa. Hospitali haikukuangusha kwenye ngazi. Ungetibiwa vizuri bado ungekaa na plasta wiki kadhaa, bado ungekosa kazi kwa muda, bado ungekuwa na maumivu. Hayo hawayalipi. Wanalipa tofauti: mkono ulio nao leo dhidi ya mkono ambao ungekuwa nao. Kwa hiyo upasuaji, kovu, kukakamaa, miezi ya ziada bila kazi, na kama hutaweza tena kazi ya ghalani, pengo la kipato chako cha mbele. Hilo la mwisho ndilo lenye fedha, na ndilo linaloamua kama wakili ataona kesi inalipa gharama zake. Kesi kama yako inahitaji angalau ripoti mbili za wataalamu, mmoja wa dharura wa kusema walikosea, mmoja wa mikono wa kusema kosa lilikugharimu nini, na ripoti hizo si za bei nafuu. Msaada wa kisheria wa serikali kwa kesi nyingi za tiba uliondolewa Aprili 2013. Mawakili wanafanya kwa mpango wa usiposhinda hulipi. Ukishinda, zawadi yao ya ushindi haiwezi kuzidi asilimia 25 ya fidia ya maumivu na ya hasara zilizokwisha kutokea, bila kugusa hasara za mbele. Na ukishindwa, kwa kawaida hulipishwi gharama za hospitali, alimradi hukusema uongo. Kwa hiyo wakili anaposema "si rahisi", mara nyingine anajipigia hesabu ya mfuko wake. Una haki ya kumuuliza wazi: ugumu ni wa mfupa au ni wa gharama? Na una haki ya kupata maoni ya wakili wa pili.

Muda ni miaka mitatu. Kwa kesi kama yako unahesabiwa kuanzia siku ulipojua, au ulipopaswa kujua, kwamba umepata jeraha zito na linahusiana na huduma uliyopewa. Kwa vyovyote isichukuliwe baadaye ya siku ya picha ya pili. Ndani ya muda huo kesi iwe imefunguliwa mahakamani. Barua za malalamiko hazisimamishi saa, hata hospitali ikizijibu kwa upole kiasi gani. Na wakili akishaandika barua rasmi ya madai, hospitali inapewa miezi minne kujibu, kwa hiyo usihesabu miaka mitatu kama miaka mitatu mizima.

Mke wako hana kesi yake mwenyewe hapo, lakini saa zake si za bure. Anayedai ni wewe: unaweza kudai thamani ya huduma aliyokupa, kukuogesha, kukuvalisha, kukufunga kamba za viatu, kukupeleka kliniki, hata kama hukumlipa senti. Tangu kesi ya Hunt mwaka 1994, fedha utakazopewa kwa kifungu hicho unazishika kwa ajili yake; ni zake. Hapa nako itahesabiwa tofauti tu, yaani huduma iliyozidi ile ambayo ungeihitaji ukiwa na plasta ya kawaida. Muombe akae chini wiki hii, akiwa na kalenda na ratiba zake za kazi, aandike zamu alizoacha, alikuhudumia nini na kwa saa ngapi kwa siku, hasa zile wiki baada ya upasuaji, na aambatanishe hati za mshahara za miezi hiyo.